Kijana na Pikipiki: Tumfundishe Kusimama Kabla ya Kwenda



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unahusu ajali za pikipiki. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hapa kwetu Ipelele pikipiki ni msaada mkubwa. Inamfikisha mama mjamzito zahanati, inateremsha viazi na mbao, na inampatia kijana riziki. Hatuji kuilaani. Tunauliza tu: kijana wetu alifundishwa na nani kuiendesha?

Sisi wauguzi tunapowauliza vijana waliolazwa wodini, majibu hufanana. Alifundishwa na rafiki, jioni moja, katika uwanja wa mpira. Alionyeshwa klachi, gia na mafuta. Alipozunguka uwanja mara mbili bila kuanguka akaambiwa, "Umeshajua." Siku chache baadaye akapakia abiria. Kijana huyu alifundishwa kwenda, lakini kusimama hakufundishwa na mtu.

Kwa nini vijana huumia zaidi

Kijana wa miaka 16 ana macho makali na mikono myepesi. Lakini sehemu ya ubongo inayopima hatari na kuzuia papara hukomaa polepole, hata baada ya miaka 20. Akiwa na rafiki nyuma anayemshangilia, hujaribu mambo ambayo peke yake asingeyajaribu. Kwa hiyo kumwambia "uwe mwangalifu" hakutoshi. Anahitaji kufundishwa na kuzoezwa.

Sheria nayo haikuwekwa kwa kutuonea. Anayepakia abiria kwa malipo lazima awe ametimiza miaka 18 na awe na leseni. Kanuni za usafiri wa pikipiki zinataka abiria awe mmoja tu, na yeye na dereva wote wavae kofia ngumu. Mshikaki wa watu watatu au wanne ni kosa.

Mambo manne ya kumfundisha

1. Kusimama. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Mtu huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kushika breki. Maana yake, kabla breki haijaanza kazi, kijana amekwisha kupita urefu wa madarasa mawili. Afundishwe kutumia breki zote mbili, akizibana polepole huku pikipiki ikiwa imesimama wima. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ikibanwa ghafla kwenye utelezi humwangusha. Afanye zoezi hili mara nyingi, kwa mwendo mdogo, mahali pasipo na watu.

2. Mteremko. Wapo wanaozima injini mlimani ili kuokoa petroli. Huo ni uokoaji wa hasara, kwani injini husaidia kuizuia pikipiki, na breki zikibaki peke yake hupata moto na kulegea. Ateremke akiwa ameingiza gia ndogo, injini ikiwaka. Mzigo wa viazi au mbao usizidi uwezo wa pikipiki wala usitokeze pembeni ukamgonga mpita njia.

3. Ukungu, matope na lami. Wakati wa ukungu awashe taa hata kama ni mchana, avae fulana inayong'aa, na aende mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Lami nayo isimdanganye. Kijana aliyezoea matope ya kijijini, akifika barabara ya Njombe au Makambako penye malori makubwa, huongeza mwendo wakati hajajifunza kuangalia nyuma wala kupisha.

4. Kofia ngumu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa karibu asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Lakini ifungwe kidevuni. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijagusa chini, na ile inayoning'inia kwenye usukani haimlindi mtu.

Tena, ulanzi na usukani havipatani. Anayekunywa aache pikipiki nyumbani.

Kazi hii ni ya nani?

Mzazi asimpe funguo mtoto asiye na umri, hata kama ni kwenda dukani tu. Paja likivunjika, kijana hulala kitandani wiki nyingi. Masomo husimama, mama huacha shamba ili kumuuguza, na ng'ombe au miti ya mbao huuzwa kulipia gharama.

Mwenye pikipiki anayempa kijana chombo ili alete hesabu ya kila siku aombe kwanza kuona leseni. Hesabu ikiwa kubwa mno, kijana atakimbia na atapakia kupita kiasi ili aitimize.

Madereva wakubwa wa kijiweni ni walimu wazuri. Wakubaliane kwamba mgeni hapakii abiria mpaka wamemwona akisimama vizuri kwenye mteremko.

Jumuiya, WAWATA na vijana wa parokia wanaweza kumwalika askari wa usalama barabarani aje kufundisha baada ya Misa. Polisi na VETA wamekuwa wakitoa mafunzo kwa bodaboda katika mikoa mbalimbali. Ulizeni pia katika chuo cha VETA Makete. Kuchangia nauli na chakula cha mwalimu mmoja ni nafuu kuliko kuchangia matibabu au jeneza.

Ajali ikitokea

Kwanza zuieni magari na pikipiki nyingine zisiwagonge. Damu ikitoka kwa wingi, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Msimvue kofia kwa nguvu ikiwa anapumua vizuri. Msimkunje wala kumbeba katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Tafuteni gari, alazwe juu ya ubao, kichwa na shingo vishikwe visicheze. Msimpe chakula wala kinywaji. Afikishwe hospitali kwanza, na ndugu mmoja afuatilie PF3 polisi.

Aliyegonga kichwa akaamka na kusema "sijambo" aangaliwe kwa saa 24. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akiumwa kichwa kinachozidi, akichanganyikiwa au akishikwa na degedege, aletwe upesi. Huenda damu inavuja ndani ya fuvu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu ni vijana wangapi wanaendesha pikipiki, na wangapi kati yao wana leseni?

2. Ni kona na miteremko ipi hapa kijijini ambako watu wameanguka mara nyingi? Tunaweza kufanya nini pale kabla ya masika?

3. Nani kati yetu atakwenda kuzungumza na wenye pikipiki, na nani atakwenda kumwalika mwalimu? Andikeni majina yao na tarehe.