Punda Anachechemea? Mpige Video Kwanza

Punda au farasi akienda matiti, yaani ile mbio ya pole ya hatua mbilimbili, mguu wake hukaa ardhini chini ya nusu sekunde kisha huinuka. Jicho haliwahi. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera mstari mmoja kando ya njia ya farasi wa tajiri Leland Stanford. Picha zake zikaonyesha jambo ambalo watu walikuwa wamelibishania miaka mingi: farasi akipiga shoti, kuna wakati miguu yote minne iko hewani.

Na si macho ya watu wa kawaida tu yanayoshindwa. Utafiti wa Kevin Keegan na wenzake, uliotoka mwaka 2010, ulilinganisha maoni ya madaktari wazoefu wa farasi. Pale mnyama alipochechemea kidogo tu, walikubaliana kwa takriban 62% kama mguu una tatizo au hauna. Kwa hiyo ukiwa na simu, itumie, na uitumie vizuri.

1. Mrekodi akiwa mzima. Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho wengi hawakifuati. Kila mnyama ana mwendo wake: huyu hutupa mguu nje kidogo, yule hatua zake ni fupi tangu utotoni. Usipokuwa na video ya siku njema, siku ya maradhi utalinganisha na nini? Kwa punda jambo hili lina uzito zaidi, maana punda huficha maumivu. Anaweza kubeba mawe na mchanga katika vichochoro vya Lamu huku ukwato unamuuma, na mwenyewe akaona tu kwamba leo kazubaa. Mrekodi mara moja kwa mwezi, na uandike tarehe.

2. Mwache aende matiti. Akitembea, kila mguu hutua kwa wakati wake na kasoro ndogo hujificha. Akipiga shoti, mwendo wenyewe hauna ulinganifu wa kulia na kushoto. Kwenye matiti miguu hutua miwilimiwili kwa mshazari, wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Upande mmoja ukitofautiana na mwenzake, utauona.

3. Kamba ilegee. Anayemwongoza akimbie kando yake bila kumvuta kichwa. Kichwa kilichobanwa hakisemi kitu, na kichwa ndicho shahidi wetu mkuu.

4. Simu itulie, mnyama ndiye apite. Iweke kwenye stendi au juu ya tofali, ilale kwa upana. Piga akija kwako moja kwa moja, piga akienda zake, kisha piga kwa ubavu simu ikiwa imemkabili sawasawa. Ukipiga kwa pembe, hatua ndefu itaonekana fupi. Wakazi wa Lamu, vichochoro havitoshi kwa kazi hii; tafuta sehemu ngumu na tambarare kama barabara ya ufukweni. Mchanga laini hupunguza kishindo, na maumivu ya ukwato yanaweza yasionekane.

5. Ongeza fremu. Video ya kawaida huwa na fremu 30 kwa sekunde, na mengi hupita katikati. Simu nyingi zina sehemu ya mwendo wa taratibu yenye fremu 120 au 240. Piga mchana penye mwanga mwingi, la sivyo miguu itakuwa ukungu mtupu.

6. Tazama kichwa, halafu nyonga. Kwa miguu ya mbele kanuni ni nyepesi: mguu mgonjwa ukigusa chini, kichwa hupanda; mguu mzima ukigusa, kichwa hushuka. Mnyama anauondolea uzito mguu unaomuuma. Kwa miguu ya nyuma, bandika kipande cha utepe mweupe juu ya kila mfupa wa nyonga, mrekodi kutoka nyuma, kisha uone ni utepe upi unaopanda na kushuka zaidi. Upande huo ndio wa kushukiwa.

Hapa pana mtego. Mguu wa nyuma kulia ukiuma, mnyama huusukuma uzito mbele kila unapotua, na kichwa hushuka. Wakati huohuo mguu wa mbele kushoto nao uko chini. Ukikitazama kichwa peke yake utaapa kwamba mgonjwa ni wa mbele kulia, na unaweza kuupaka dawa mguu usio na kosa. Kwa hiyo usitoe uamuzi kabla hujaikagua nyonga.

7. Programu inasaidia kupima. Kinovea ni ya bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya Windows: unasogeza fremu moja moja, unachora pembe za viungo, unaweka video mbili kando kwa kando. Hapo ndipo ile video ya siku njema inapolipa. Sleip, iliyotoka Uswidi, husoma ulinganifu wa mwendo wa farasi moja kwa moja kutoka kwenye simu. Imetengenezwa kwa ajili ya farasi, hivyo mwenye punda asiyachukulie majibu yake kuwa ya mwisho.

8. Mpe daktari wa mifugo video nzima. Usimkatie sekunde tano ulizozipenda. Usimpe mnyama dawa ya maumivu kabla ya kurekodi, maana utaificha dalili yenyewe. Video itaonyesha mguu upi. Kama ni jipu ndani ya ukwato, msumari, au mshipa uliovutika, hilo linataka mkono wa daktari.

9. Wakati mwingine usirekodi kabisa. Akikataa kukanyaga mguu, ukwato ukiwa wa moto, au kiungo kikiwa kimevimba ghafla, kumkimbiza ili apigwe video ni kumwongezea majeraha. Mtue mzigo, mwache pale alipo penye kivuli na maji, na simu hiyohiyo itumie kumpigia daktari.