Kobe Nyumbani: Dalili za Ugonjwa na Hatua za Kuchukua

Mbwa akiumia hulia. Ng'ombe akiugua hupunguza maziwa. Kobe hunyamaza tu, na ndiyo sababu wengi huteseka kwa miaka katika boma za watu bila mtu yeyote kugundua. Mkazi wa Matulo au sehemu nyingine ya kaunti yetu, somo hili litakusaidia kumtambua kobe mgonjwa na kujua la kufanya.

Gamba ni mfupa hai

Gamba la kobe si nyumba aliyoibeba mgongoni. Limeungana na mbavu na uti wa mgongo, na lina mishipa ya damu na ya fahamu. Kulitoboa ili kupitisha kamba ni kumtoboa mfupa akiwa macho. Kidonda hicho huingiza viini, na nzi hutaga mayai humo hadi funza watokee.

Dalili za hatari

1. Gamba laini au lenye vinundu: Kobe hujenga gamba kwa madini ya kalsiamu, na mwili wake huhitaji jua ili kuyatumia. Akifungiwa ndani ya nyumba au kwenye katoni na kulishwa ugali na mkate, gamba hulegea, miguu hupinda, na mwishowe hushindwa kutembea.

2. Mapovu puani na kupumua kwa mdomo wazi: Hii ni dalili ya ugonjwa wa mapafu. Kobe hupata joto la mwili kutoka nje, kwa hivyo sakafu baridi na maji ya mvua humdhuru haraka.

3. Macho yaliyozama au kuvimba, na kukataa kula: Huenda amepungukiwa na maji au vitamini.

Huduma ya kwanza

Mweke mahali pakavu penye jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia. Usimwache juani bila kivuli, kwani joto kali humuua. Kama ana nguvu za kuinua kichwa, mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, kwa dakika 15 hivi, huku ukimwangalia.

Mpe nyasi na majani mabichi yasiyopuliziwa dawa. Aliyekaa na njaa muda mrefu apewe kidogo kidogo. Usimpe maziwa, nyama wala ugali. Gamba likipasuka, funika jeraha kwa kitambaa safi na umkinge na nzi. Usipake mafuta, rangi wala gundi. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomshika, hasa watoto, kwa kuwa kobe hubeba viini vya salmonela vinavyoharisha binadamu.

Kisha mpeleke wapi?

Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti jukumu la huduma za mifugo na ustawi wa wanyama. Anza kwa kumwarifu afisa wa mifugo wa wadi yako. Hata hivyo, kobe ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga bila kibali ni kosa. Ukimwokota au ukijua alipofungwa, piga ripoti kwa ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu.

Usimwachilie msituni kwa huruma. Aliye mgonjwa hufa huko, au huambukiza kobe wengine. Wala usimnunue ili kumwokoa. Pesa yako humtuma muuzaji akamtafute mwingine.

Kobe akitunzwa vyema anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Anayefungwa kamba leo nyuma ya jikoni angeweza kuishi hadi watoto wetu wawe wazee. Ukimwona, usipite tu. Toa taarifa leo.