Tope la Choo Linapofika Ziwani

Mvua kubwa zinapoanza Mwanza, wako wanaotapisha vyoo. Uchafu hushuka na maji kutoka vilimani hadi Mto Mirongo, nao mto huupeleka Ziwa Victoria. Kesho yake maji yanaonekana kama ya jana. Tutajuaje basi kama ziwa limedhurika?

Swali hilo liliulizwa pia Uingereza. Tangu mwaka 1887 meli zilibeba tope la majitaka ya London na kulimwaga baharini, mbele ya mlango wa Mto Thames. Wataalamu walichota matope ya chini, wakahesabu viumbe waishio humo na kupima metali zenye sumu. Mwisho wa mwaka 1998 umwagaji huo ulikoma kwa sheria ya Umoja wa Ulaya.

Ziwa letu ni dhaifu kuliko bahari. Lina mto mmoja tu wa kutolea maji, yaani Nile pale Jinja. Maji mengi hupotea kwa kugeuka mvuke, na mvuke haubebi uchafu.

Wapimaji huangalia nini?

1. Bakteria wa kinyesi. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja katika mililita 100.

2. Naitrojeni na fosforasi. Hizi ni mbolea. Hustawisha mwani na magugu maji.

3. Oksijeni. Mwani ukioza huimaliza, na samaki hufa.

4. Konokono. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi cha mgonjwa. Vimelea hukua ndani ya konokono, kisha hupenya ngozi ya mtu aliye majini.

Kupima mara moja hakutoshi. Sampuli huchukuliwa mahali palepale, kiangazi na masika, ili mabadiliko yaonekane.

Sisi tufanye nini?

Choo kikijaa tuite gari la majitaka, ili tope lifike kwenye mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Butuja, Ilemela. Majirani wakichangiana, gharama hupungua. Maji ya kunywa tuyachemshe. Lakini kuchemsha hakumkingi mtoto anayeogelea ziwani; maji ya kuogea tuyachote na kuyaweka kwenye pipa siku 2, vimelea vya kichocho vife.

Tujiulize nyumbani: choo chetu kikijaa, uchafu wake utakwenda wapi? Na watoto wetu huchota maji wapi?