SOMO LA MKULIMA: Linda Embe Zako Dhidi ya Ubwiriunga na Chule

Embe inaweza kuchumwa ikiwa safi, ikapakiwa kwenye kreti, na baada ya siku chache ikajaa madoa meusi mbele ya mnunuzi. Ugonjwa huo haukuanzia sokoni. Uliingia shambani tunda likiwa changa, ukajificha kwenye ganda hadi embe ilipoanza kuiva.

Mkulima wa Mwala, Masii au Yatta ana magonjwa mawili ya kuvu ya kuchunga.

Ubwiriunga huja miembe inapochanua, katika miezi mikavu yenye baridi ya Julai hadi Septemba. Maua hufunikwa na unga mweupe na kunyauka, na vitunda huanguka. Hauhitaji mvua, huenezwa na upepo.

Chule hupenda unyevu. Mvua za vuli zinapoanza Oktoba, matone hubeba vimelea kutoka matawi makavu hadi kwenye majani na matunda, na madoa meusi hufuata.

Hatua za kuchukua

1. Baada ya mavuno, pogoa. Ondoa matawi makavu na yaliyosongamana ili jua na hewa vipite.
2. Okota majani na matunda yaliyooza chini ya mti, kisha uyachome au uyafukie.
3. Vishada vya maua vikichomoza, kabla maua hayajafunguka, nyunyiza dawa ya salfa. Nyunyiza asubuhi au jioni, kwani salfa kwenye jua kali huunguza majani.
4. Maua yakifunguka, usinyunyize wakati nyuki na nzi wako kazini. Bila wao hakuna tunda.
5. Vitunda vikishika, kabla ya mvua, nyunyiza dawa ya kopa na urudie kama kibandiko kinavyoelekeza. Kopa hukinga, haiponyi. Ukingoja madoa, umechelewa.
6. Zingatia kipimo, mavazi ya kujikinga na siku za kusubiri kabla ya kuchuma.

Unayepanda upya, kumbuka kwamba Tommy huvumilia chule kuliko Apple.

Kabla ya kununua dawa, peleka tawi lililougua kwa afisa wa kilimo wa wadi yako. Salfa haizuii chule, na dawa isiyofaa ni hasara mara mbili: pesa zimekwenda na embe pia.