Dar Hadi Matema kwa Gari la Kulala: Mwongozo kwa Mke na Mume

Kutoka Dar es Salaam hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni zaidi ya kilomita 900. Wawili wenye Hiace iliyogeuzwa chumba waitengee njia hiyo siku 12: tano za kwenda, tatu za kupumzika, nne za kurudi. Mkikimbizana na mabasi, kitanda mmekibeba bure.

1. Chagueni majira. Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Masika huwa yamepita, ingawa Tukuyu mvua haina adabu ya kalenda. Juni na Julai usiku wa Mafinga na Mbeya ni wa baridi kali. Bebeni mablanketi mazito mawili, kila mtu na lake.

2. Andaeni gari. Kitanda kikae juu ya masanduku ya mbao, na vitu vizito viwe chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Madumu matatu ya maji ya lita 20 ni kilo 60. Yafungeni kwa mkanda. Wekeni betri ya pili kwa ajili ya taa na kuchaji simu, isiyonyonya ile ya kuwashia injini. Fundi akague breki, kulenti, mkanda wa feni na matairi, spea ikiwemo. Msisahau jeki, pembetatu mbili za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Mkishalibadili gari, taarifa zake zirekebishwe TRA na kampuni ya bima ijulishwe.

3. Gawaneni kazi kabla ya kuondoka. Anayeendesha hapiki jioni hiyo. Asiyeendesha ndiye anayesoma njia, kushika simu, kutunza pesa ya mafuta na kuangalia nyuma gari linaporudi kinyumenyume. Kama wote mna leseni, badilishaneni kila baada ya saa mbili. Ugomvi mwingi wa safarini huzaliwa na uchovu wa mmoja aliyeachiwa kila kitu.

4. Igaweni njia. Siku ya kwanza ondokeni alfajiri, mlale Morogoro. Siku ya pili mkate Hifadhi ya Mikumi asubuhi. Barabara hupita ndani yake kwa kilomita 50 hivi. Fuateni vibao vya mwendo, msishuke garini, msiwatupie nyani chakula. Ruaha Mbuyuni nunueni vitunguu, kisha pandeni mlima wa Kitonga taratibu nyuma ya malori. Msilipite lori konani hata kama foleni imewachosha. Laleni Iringa. Siku ya tatu anzeni na Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale, mfike Makambako. Siku ya nne piteni Uyole, mkunje kushoto kuelekea Tukuyu kwenye migomba na chai. Siku ya tano teremkeni Kyela, mjaze mchele, kisha Matema.

5. Saa kumi jioni simameni. Giza lisiwakute mkitafuta pa kulala. Ombeni nafasi kwenye ua wa gesti, kwenye misheni au kituo cha mafuta chenye mlinzi, na mlipe mtakachokubaliana. Kijijini, anzeni kwa mwenyekiti: salamu kwanza, shida baadaye. Mgeni aliyejitambulisha hulindwa na kijiji kizima.

6. Lindeni pumzi zenu. Pikieni nje. Mtungi wa gesi ufungwe gari linapotembea, na usiku dirisha moja liachwe wazi kidogo. Jiko la mkaa lisiingie garini hata kwa dakika moja ya kuota moto: hewa yake haina harufu ya kuwaamsha, nayo huua watu usingizini. Choo cha kubebeka kimwagwe chooni, si porini wala mtoni, na taka zirudi nanyi hadi penye jalala.

7. Matema, tulieni. Mbele ni ziwa, nyuma ni Milima ya Livingstone. Kabla ya kuoga ziwani ulizeni wenyeji sehemu salama, maana Ziwa Nyasa lina kichocho. Mkirudi nyumbani mkapime. Jumamosi nendeni gulio la Lyulilo mkanunue vyungu vya Wakisi, mvifunge ndani ya mablanketi yale yale.

8. Kurudi kuna hatari yake. Sasa Kitonga mnaiteremka. Kagueni breki mkiwa Iringa, ingizeni gia nzito kabla mteremko haujaanza, mwiachie injini kazi ya kulishika gari. Mkikanyaga breki mfululizo zitapata moto na kuacha kushika.

Mkirejea Dar, msiifungue mizigo siku hiyo hiyo. Andikeni kwanza, kila mmoja kwa mkono wake, kipi kilikosekana na kipi kilibebwa bure. Karatasi hizo mbili ndizo mwongozo wa safari yenu ijayo.