TANGAZO NA SAFARI YAKE: SOMO KUTOKA SORI

Sori ni mji mdogo ulio kando ya Ghuba ya Karungu, katika Ziwa Viktoria, Kaunti ya Migori. Habari za mji huo huanzia ufukoni. Alfajiri, mitumbwi ya omena inaporudi, akina mama wanunuzi huwa wamekwisha kuingia majini hata magotini, beseni vichwani, na kabla samaki hawajapimwa watu huwa wamekwisha kuambiana mengi: nani amefiwa, ng'ombe wa nani amepotea, zahanati itachanja watoto siku gani, debe la omena ni shilingi ngapi leo, na mtumbwi wa tajiri gani umeharibikiwa na injini upande wa Mfangano. Jua likipanda kidogo habari hizo zimefika sokoni. Mchana ziko njiani kwenda bara, juu ya pikipiki na katika magari ya wachuuzi. Na jioni hurudi tena ufukoni zikiwa zimevaa nguo nyingine.

Jambo hilo si la ajabu, wala si aibu ya Sori peke yake. Lakini yafaa msomaji atenge mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Habari ni jambo lililotokea, na mwenye kuisikia anaweza kucheka, kusikitika au kunyamaza. Tangazo ni habari inayomtaka mtu atende jambo: aje, asije, achemshe maji, asiingie ziwani, alipe kabla ya siku fulani. Habari ikipungua njiani, mara nyingi hasara yake ni maneno tu. Tangazo likipungua, mtu hukosa mazishi ya mama yake, au mtumbwi haurudi.

Na tuanze na hilo la mtumbwi, kwa maana ndilo kubwa.

Omena huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi nyingi ni taa za umeme wa jua. Samaki hukusanyika penye mwanga, kisha wavu huzungushwa. Basi usiku ndio wakati ambao katikati ya ziwa kuna hatari kubwa, na sababu yake si uchawi. Mchana jua huipasha nchi kavu moto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kwenda bara. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji yakabaki na joto lake, na upepo hugeuka, ukatoka katika kila ufuko kuelekea katikati. Ziwa hili ni kubwa, eneo lake lapata kilomita za mraba 68,800, na pepo hizo zinapokutana katikati hazina pa kwenda ila juu. Hewa ile yenye unyevu ikipanda hufanya mawingu ya radi. Ndiyo sababu mtu anaweza kuondoka ufukoni jioni chini ya nyota nzuri, akakutana na dhoruba kabla ya mapambazuko.

Shirika la Hali ya Hewa la Ulimwengu limetaja kadirio la watu kati ya 3,000 na 5,000 wanaokufa kila mwaka katika ziwa zima. Wako wanaoiona hesabu hiyo kuwa kubwa mno. Lakini hata ikigawanywa mara mbili, bado ni misiba mingi. Tangu mwaka 2017 shirika hilo lilishirikiana na idara za hali ya hewa za Afrika ya Mashariki katika mpango wa kutabiri dhoruba za ziwa na kuwafikishia wavuvi habari kwa lugha wanazozielewa. Elimu ya kutabiri imeendelea sana. Hatua inayobaki ni ile ndogo, kutoka katika simu ya karani wa ufuko hata masikioni mwa mwenye mtumbwi, na hapo ndipo mengi hupotea.

Tuseme karani amepokea onyo mchana wa Jumanne, akamtuma kijana kwa mzee mwenye mitumbwi mitatu. Kijana anafika, anasalimu, na mazungumzo yao yanakuwa hivi:

“Mzee, nimetumwa na karani. Kuna upepo.”

“Upepo upo siku zote, mwanangu. Huo ni wa lini?”

“Amesema usiku wa Jumatano, mzee. Saa mbili.”

“Leo ni Jumanne. Je, ni usiku huu unaokuja, au ule wa kesho?”

“Hakuniambia.”

“Na hiyo saa mbili, ni yetu au ni ya simu?”

“Sijui, mzee.”

“Basi rudi ukamwulize, nasi tutangoja. Nenda upesi.”

Huenda wengine wakamwona mzee huyo kuwa msumbufu. Lakini maswali yake mawili yana mafunzo kuliko ujumbe wote ulioletwa.

Kwanza, saa. Katika Kiswahili, na katika Kijaluo vilevile, saa huhesabiwa tangu kuchomoza kwa jua na tangu kuchwa kwake. Ofisi na simu huhesabu tangu usiku wa manane. Kwa hiyo saa iliyoandikwa 2:00 usiku katika ujumbe wa ofisi ni saa nane usiku kwa watu wa ufukoni. Karani mwenye haraka akiisoma kama ilivyoandikwa, amelisogeza onyo kwa saa sita nzima. Mvuvi aliyeambiwa saa mbili usiku atakaa ufukoni akitazama anga. Saa nne ikifika, naye akaona maji yametulia, atasema upepo umepita, au ya kuwa watabiri ni waongo, na ataondoka. Atafika mbali na nchi kavu, taa zimewashwa na wavu umo majini, saa ile ile ya nane. Hapo aliyemwambia habari amemdhuru kuliko yule ambaye angalinyamaza.

Pili, siku. Watu wa pwani ya bahari huianza siku mpya wakati wa magharibi, kwa hesabu ya Kiislamu; kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Watu wengi wa bara hudhani ni ule unaoufuata. Neno ni moja, nyakati ni mbili. Dawa yake ni kuandika “usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano”, nayo haihitaji elimu kubwa. Neno “kesho” nalo lina hatari yake, hasa katika karatasi. Karatasi iliyobandikwa Jumanne huendelea kusema “kesho” siku ya Alhamisi, na hata Jumapili ikiwa gundi yake ni nzuri.

Hebu msomaji atazame onyo lililoandikwa vema. Huu ni mfano tu:

“Jumanne, tarehe 12. Upepo mkali na mvua ya radi vinatazamiwa ziwani tangu Karungu hata Muhuru, usiku wa leo Jumanne kuamkia Jumatano, kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri. Mitumbwi isitoke. Onyo hili limetoka Idara ya Hali ya Hewa. Limepokewa saa 9 alasiri. Karani wa ufuko.”

Maneno ni machache, nayo yanaweza kusomwa kwa sauti kwa pumzi tatu. Saa ya kupokewa imetajwa kwa sababu onyo jingine laweza kufika jioni likalitangua la kwanza, na mtu mwenye maonyo mawili mkononi hana budi kujua lipi ni la mwisho. Tena ametajwa aliyelitoa. Onyo lisilo na mwenyewe huingia katika kundi moja na uvumi, hata likiwa la kweli.

Hata hivyo, haifai kudhani ya kuwa mvuvi asiyetii onyo ni mjinga. Baria hulipwa kwa fungu la samaki wa usiku ule. Akilala nyumbani hana fungu, na watoto wataamka vilevile. Tena utabiri hukosea. Ukikosea mara mbili karibu karibu, mara ya tatu watu hutega sikio moja tu. Basi ni heri karani aseme wazi, “dhoruba yaweza kuja,” ikiwa ndivyo alivyoambiwa, kuliko kuapa ya kwamba itakuja, kwa nia njema ya kuwatisha watu. Nia hiyo njema ndiyo iliyoharibu maonyo mengi.

Tangazo la pili kwa uzito ni la msiba. Katika nchi ya Wajaluo kifo hutangazwa kwanza kwa nduru, kilio kinachopigwa nyumbani, na jirani husimamisha jembe akasikiliza kinatoka upande gani. Kwa majirani hicho chatosha. Kwa jamaa walio mbali kuna redio. Tangu siku za Sauti ya Kenya matangazo ya vifo yamesomwa kwa Kijaluo, na watu hunyamazishana wakati wake. Leo stesheni kama Mayienga na Ramogi zinayatangaza. Sasa simu huwahi kufika kuliko redio, lakini si kila jamaa ana namba ya kila jamaa.

Kosa la matangazo haya ni majina. Mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku huitwa Otieno, na wa kike aliyezaliwa asubuhi huitwa Akinyi. Kwa hiyo katika lokesheni moja wamo akina Otieno wengi sana. Tangazo la redio hulipiwa, na watu wenye fedha chache hupunguza maneno. Mara nyingi wanachopunguza ni kile kilichokuwa cha lazima. Majina ya watoto walio Nairobi na Mombasa, na kazi zao, husomwa yote. Jina la baba wa marehemu, la kijiji, na la shule au kanisa lililo karibu na nyumba, huachwa. Basi ndugu aliyepanda gari usiku kucha hushuka njia panda asijue aende wapi. Hata jina la mji laweza kumpoteza, kwa maana wengine husema Sori na wengine husema Karungu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Karungu ilikuwa boma la serikali, kabla makao hayajahamishiwa Kisii, na jina hilo ndilo lililomo katika karatasi nyingi za zamani. Mwenye msiba na ayataje yote mawili. Neno moja zaidi halitamfilisi.

Liko pia tangazo ambalo huharibika kwa kufupishwa kupita kiasi. Kila mwaka uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wazae na kukua. Ufukoni jambo hilo husemwa kwa maneno mawili: “Ziwa limefungwa.” Watu wa Sori huelewa kinachokusudiwa. Lakini mchuuzi wa mbuta au ngege aliye mbali bara, akiyasikia maneno hayo mawili katika simu, huahirisha safari yake, wakati ambapo katazo ni la omena na samaki hao wengine wanaendelea kuvuliwa. Mvuvi wa mbuta hukaa na samaki wake wakiharibika, asijue ni nani aliyemfukuza mnunuzi. Hakuna aliyesema uongo. Neno “omena” limeanguka njiani, basi.

Habari za ugonjwa zina shida ya namna nyingine. Kipindupindu kilipozuka Migori na Homa Bay mwaka 2015, ilihitajiwa kuwaambia watu wanywao maji ya ziwa kwamba wayachemshe au wayatie dawa, wanawe mikono kwa sabuni, na kwamba mgonjwa anayehara maji asingojwe nyumbani hata kesho. Tangazo linalosema “dumisheni usafi” halimwambii mama jambo lo lote ambalo hakulijua. Linalosema, “Maji yakichemka yafunikeni, na mgonjwa aendapo zahanati anyweshwe maji yenye chumvi na sukari njiani,” lamwambia mikono yake ifanye nini.

Njia za kupeleka matangazo haya mjini si haba. Iko baraza ya chifu na manaibu wake, na chini yao wazee wa vijiji. Yako makanisa, ambako matangazo husomwa kabla watu hawajatawanyika. Uko mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa nchini mwaka 2013. Na ufukoni iko Kamati ya Usimamizi wa Ufuko, ambayo wavuvi huiita BMU, iliyopewa nguvu kwa kanuni za mwaka 2007. Kwa mambo ya ziwa hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na mtumbwi. Simu imeongezwa juu ya hizo zote, nayo ina haraka kuliko zote; lakini sauti iliyotumwa kwa watu mia haionyeshi ilitumwa lini kwa mara ya kwanza, na onyo la mwaka jana laweza kuwafukuza watu ziwani mwaka huu.

Kwa hiyo ubao wa ufukoni haujapitwa na wakati. Unahitaji misumari michache, chokaa au karatasi, na mtu mmoja aliyeagizwa kazi mbili. Kazi ya kwanza kila mtu huikumbuka, nayo ni kubandika. Ya pili ni kubandua. Onyo likipita saa yake liondolewe asubuhi ile ile, mitumbwi inaporudi na akina mama wakiwa bado wamesimama majini, ili jioni mvuvi akiona karatasi pale ubaoni ajue ni ya usiku huo.