Paka wa Sultani na Papa wa Amity: Vidokezo kwa Wapenzi wa Hadithi za Kutisha

Nilipokuwa na miaka saba, bibi yangu alikuwa na desturi moja. Zimwi likishafika mlangoni na kubisha hodi, yeye hunyamaza, hunyanyua kikombe, hunywa chai taratibu, kisha hukirudisha kwenye kisahani. Sisi wajukuu tumebanana mkekani, kila mmoja anasikia pumzi za mwenzake. Zimwi lenyewe nimeshalisahau. Ule mlio wa kikombe kikigusa kisahani ninao mpaka leo, na ndio ulionifanya mtu wa hadithi za kutisha na za maajabu, vitabuni na kwenye filamu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Haya ni machache niliyoyaokota njiani, kwa anayeanza na kwa aliyechoka kuona kila filamu inafanana na ya jana.

1. Anza na paka wa Sultani

Usikimbilie makasri ya Ulaya. Tafuta kwanza hadithi ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake cha Swahili Tales, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Sultani ana paka wake. Paka anakula mnyama wa zizini, watu wanakuja kushitaki, na Sultani anajibu kwamba paka ni wake na mnyama ni wake, basi. Paka anapanda kwa wanyama wakubwa zaidi, jibu ni lile lile. Anaanza kula watu, jibu halibadiliki. Mpaka siku anapowageukia wana wa Sultani mwenyewe ndipo baba anakiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda.

Isome polepole, kwa sauti kama unaweza, uone ilivyosukwa. Paka anakua na jibu la Sultani halikui, na katikati ya hayo mawili ndipo mwili unapoanza kusisimka. Mimi kila nikiirudia huwa natamani mara moja tu mtu amshike Sultani mkono amwambie, tazama, huyo hafugiki tena.

Nusu ya pili ni tamu vilevile. Mwana mdogo wa Sultani anakwenda porini kumwua nunda ambaye hamjui sawasawa. Kila mnyama anayemwua anampeleka nyumbani akidhani ndiye, na mama yake anamwambia siye. Wanyama wanazidi ukubwa, na wewe msomaji, ambaye bado hujaonyeshwa chochote, unamchora nunda kichwani mwako akiwa mkubwa kuliko maneno yote yaliyoandikwa.

2. Ukimaliza, mtazame papa

Jaws, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, niliitazama mara nne kabla sijagundua kwamba naijua tangu mkekani. Papa amemwua msichana karibu na kisiwa cha Amity. Mkuu wa polisi anataka kufunga ufukwe, na meya anakataa kwa sababu majira ya wageni yamewadia na mji unaishi kwa fedha zao. Papa anaua tena. Meya, kama Sultani, ana sababu yake nzuri kila mara, mpaka siku watoto wake mwenyewe wanapokuwa ufukweni papa anapotokea.

Kusoma na kutazama kwa jozi namna hii kumenifaidi kuliko orodha yoyote ya filamu bora. Chukua hadithi moja ya kwetu na moja ya mbali, zilaze pamoja juma moja. Utaona kwamba tangu paka mpaka papa, swali ni nani alijua mapema na kwa nini alinyamaza.

3. Zima sauti, kisha irudishe

Hili lifanye kweli. Chukua rimoti, tafuta mwanzo wa Jaws, msichana anapoogelea usiku, zima sauti kabisa. Utaona mtu anaogelea. Rudi nyuma, washa sauti, na zile noti mbili za John Williams zinazojirudia zitakukaza shingo kabla hujaona hata pezi. Papa wa mtambo waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo Spielberg alilazimika kumficha sehemu kubwa ya filamu, na muziki ukashika nafasi ya mnyama.

Fanya hivyohivyo na tukio la bafuni katika Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Damu unayoiona ikizunguka kwenye tundu la maji ni sharubati ya chokoleti, filamu yenyewe ni nyeusi na nyeupe, na kisu hukioni kikizama mwilini kama unavyokumbuka. Unachokumbuka ni fidla za Bernard Herrmann zikipiga mayowe. Tangu nilipojua hivyo, sitazami filamu ya kutisha kwa spika mbovu ya simu. Bora niahirishe.

4. Uliza kwa nini hawahami

Kila nyumba yenye mashetani inadaiwa jibu hili. Mlango upo, miguu ipo, mbona mnalala humo usiku wa pili? Filamu ikishindwa kujibu, mimi huizima bila kuonea haya.

Jibu kali kuliko yote niliyowahi kuyaona limo katika His House, filamu ya Remi Weekes ya mwaka 2020. Bol na Rial ni mume na mke waliokimbia vita vya Sudan Kusini, wakavuka bahari, na sasa wamepewa nyumba chakavu Uingereza wakisubiri maombi yao ya ukimbizi. Kuta zina sauti. Lakini masharti waliyopewa ni kwamba wakae hapohapo. Kulalamika au kuhama kunaweza kuwarudisha walikotoka. Kuna tukio Bol anachimbua ukuta kwa nyundo, kishimo baada ya kishimo, na wewe unajua kwamba kila tundu litaandikwa kwenye faili la mtu ofisini. Hapo sikujua niogope kilichomo ukutani au niogope faili. Na kiumbe anayewaandama hakutoka Uingereza. Wamekuja naye, naye anataka deni lake. Rial ndiye anayemtambua kwanza, kwa sababu ndiye aliyesikiliza hadithi za kwao na kuziamini.

5. Virudie vitabu vya darasani bila mtihani

Wengi wetu Shaaban Robert tulimsoma tukitafuta dhamira na maudhui, kalamu mkononi, mwalimu mbele. Mrudie sasa ukiwa umejilaza. Kusadikika, ya mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani. Karama anashitakiwa, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, zikiwamo mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa na kuishia kuadhibiwa. Mtu anayesimulia hadithi siku baada ya siku ili asife! Shahrazad wa Alfu Lela Ulela angemtambua ndugu yake mara moja.

Kisha chukua Adili na Nduguze, ya mwaka 1952. Kuna manyani wawili wanaopigwa mijeledi kila usiku na mtu ambaye mchana ni mpole na mwadilifu, na mfalme anataka kujua kwa nini. Katika Alfu Lela Ulela hadithi ya namna hii ina mbwa wawili; Shaaban Robert akaweka manyani, na kwa maoni yangu akaizidi ile ya kwanza, maana nyani ana mikono na uso wa kuomba msamaha. Nilipokuwa kidato cha pili niliandika kwamba dhamira ni wivu. Ni kweli. Lakini sikuandika kwamba usiku ule sikulala.

6. Msimulizi wa banda la video mpe heshima yake

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanamjua Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, ambao sauti zao zilitufikishia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili chenye moto. Nilikaa sana kwenye mabenchi yale, jasho linatiririka, turubai limefunga madirisha. Kwa filamu za mapigano siwezi kuwasifu vya kutosha. Kwa filamu za kutisha nashauri mpangilio: tazama kwanza peke yako yenyewe ilivyo, kwa sababu msimulizi kazi yake ni kujaza ukimya, na ukimya ndio chai ya bibi yangu. Mara ya pili mfuate msimulizi, ukiwa na watu, uogope kwa kelele.

7. Msome Dracula pamoja na mumiani

Dracula wa Bram Stoker, aliyetoka mwaka 1897, anaishi kwenye kasri, ni bwana mkubwa mwenye cheo cha kurithi. Mnyonya damu wa kwetu ana gari na ana mshahara. Enzi za ukoloni watu wa Afrika Mashariki walisimuliana habari za mumiani na wazimamoto, kwamba watu hukamatwa usiku wakatolewa damu itengenezwe dawa. Neno mumiani lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami kabla halijawa jina la mwindaji. Mwanahistoria Luise White alizichukua simulizi hizi kwa uzito na kuzitungia kitabu kizima, Speaking with Vampires, cha mwaka 2000. Hakuhangaika kuthibitisha kama damu ilitolewa au la. Alisikiliza watu walikuwa wakisema nini kuhusu kazi, magari, sare na madaktari wa serikali. Ukikisoma, utamrudia Dracula kwa jicho jingine. Utajiuliza wanakijiji wa bonde lake walikuwa wakilipa kodi kwa nani.

8. Kwenye fantasia, fuata majina kabla ya mapanga

Nyumbani kwetu usiku nyoka haitwi nyoka, huitwa kamba. Kwa hiyo nilipofungua A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968, nilihisi nimekaribishwa na mwenyeji. Uchawi wote wa visiwa vile umejengwa juu ya jina la kweli la kitu: ukilijua umekishika, na ukimwambia mtu lako umemkabidhi roho yako. Kijana Ged, ambaye ngozi yake ni ya hudhurungi nyekundu, anafungulia kivuli kisicho na jina, na kitabu kizima ni mbio zake na kivuli hicho baharini. Ni kifupi. Ukiogopa zile juzuu tatu nene za Tolkien, ingia kwa mlango huu.

9. Filamu moja usiikose

Kati Kati ya Mbithi Masya, Kenya, mwaka 2016. Mwanamke anajikuta nyikani, hajui alifikaje, anakuta watu kwenye nyumba za wageni wanaomwambia kwa upole kwamba amekufa. Itazame usiku usio na haraka, simu iwe chumba kingine.

10. Mtoto akiogopa, mwache aulize

Usimwambie hakuna kitu. Mwambie ilivyokwisha. Mtoto anayejua kwamba nunda aliuawa hulala. Anayeambiwa nunda hayupo hubaki macho akisikiliza.

11. Weka moja ya kurudia kila mwaka

Yangu ni kifo cha Fumo Liyongo, kama Muhamadi Kijumwa wa Lamu alivyokiweka kwenye utenzi wake wa mwaka 1913. Silaha hazimdhuru Liyongo, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo anamwambia mwanawe mwenyewe. Mwana anamchoma akiwa amelala. Liyongo anaamka, anachukua upinde na mishale, anakwenda mpaka kisimani, anapiga goti, anauvuta upinde, anakata roho hivyohivyo.

Watu wa mji hawajui kwamba amekufa. Wanamwona tu pale, goti chini, mshale umeelekea kwao, na hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Siku zinapita na mitungi ni mitupu. Wanamwomba mama yake aende kumbembeleza, na mama anakwenda, anamsemesha mwanawe kwa maneno ya upole, naye hajibu. Mji mzima umesimama na kiu, ukimwangalia maiti akiwalenga, mpaka siku anapoanguka.